Muulize Shangazi: "Ungo uko mzima, Mama"

Toleo lililopita nilidokeza kwa mistari minne tu kwamba binti yangu ana usonji, ile hali ya ubongo ambayo Kiingereza huitwa autism, na kwamba miaka yake ya kukua ilinifunza kuliko chuo cha ukunga. Barua zilizofuata sikuzitarajia. Mhariri amekubali safari hii tuyaweke kando maswali ya ndoa na mawifi, kurasa zote ziwe za mabinti hawa. Kwa wasionijua: nimekuwa mkunga miaka 31, hapa Tanga, na sasa nimestaafu. Binti yangu ana miaka 23. Ninayoyajua nimeyapata kwa njia hizo mbili, na pale panapohitaji daktari nitasema nenda kwa daktari.

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 10, ana usonji. Maneno anayosema ni machache ila anaelewa mengi. Juzi nikimwogesha nimeona matiti yameanza kuota. Nilitoka nje nikalia. Bado namfundisha kufunga vifungo vya shati, hedhi nitaianzia wapi? Mama mkwe anasema tumwache, siku ikifika ataitwa somo, atafundwa kama wenzake. Mama wa Korogwe.*

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, umeona mapema na muda unao. Matiti yakishaanza kuota, hedhi ya kwanza kwa kawaida huja baada ya miaka miwili hivi, au miwili na nusu. Miezi kadhaa kabla yake utaona ute mweupe kwenye chupi yake, na hiyo ndiyo hodi. Kwa hiyo usisubiri siku ifike. Niruhusu nikusimulie yaliyonipata mimi niliyesubiri.

Binti yangu alikuwa na miaka 12. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama yangu mzazi, ambaye tulikuwa tunaishi naye, aliona doa kwenye kanga ya mtoto, akapiga vigelegele: "Mjukuu wangu kavunja ungo!" Mtoto kwanza aliziba masikio, maana vigelegele humchoma kama sindano. Kisha akasema, "Sikuvunja." Akaenda jikoni, akarudi na ungo. Pumba za jana zilikuwa bado zimeshika kwenye ukindu. Akaugeuza juu chini, akapitisha kidole ukingoni kote, polepole, ili nione hakuna palipokatika. "Ungo uko mzima, Mama." Mikono ilikuwa inamtetemeka na damu inamshuka mguuni. Mtoto wangu aliamini amesingiziwa kosa, na kwamba ile damu ni adhabu yake.

Mimi, niliyekuwa nawaeleza wake za watu mambo ya uzazi kila siku ya kazi, kwa binti yangu nilikuwa nimesema nini? Nilimwambia "karibu utakuwa mwali". Nilimwambia "siku moja utapata mgeni". Kumbe mgeni yule alikuwa anamngojea kweli; aliwahi kuniuliza atalala chumba gani, nami nikapita bila kumjibu. Hayo ndiyo mafumbo yetu. Wenye lugha tunayapenda kwa kuwa yanasitiri. Msichana mwenye usonji yanamwacha gizani, kwa sababu yeye hulichukua neno kama lilivyotamkwa.

Basi mwambie wazi, kwa maneno machache yale yale kila mara. Uke. Damu. Hedhi. Pedi. "Wasichana wakikua, damu hutoka ukeni siku chache kila mwezi. Si kidonda. Si kosa. Inaisha." Kwa kuwa haongei sana, maneno yaende na vitu vya kuona na kushika. Anza na pedi kavu. Avae nusu saa akiwa anafanya jambo analolipenda, kesho saa nzima, mpaka mwili uizoee. Mnunulie aina tatu, achague mwenyewe: zipo zenye sauti ya nailoni akitembea, zipo zenye mbawa zinazonata pajani, zipo zinazonukia marashi, na kila moja kati ya hayo yaweza kuwa mateso kwake. Wengine hawavumilii pedi ya dukani hata moja, wanatulia na ya kitambaa cha pamba inayofuliwa. Binti yangu ni hao.

Kwenye chupi zake nilishona kwa uzi mwekundu mistari miwili midogo, mmoja mbele na mmoja nyuma, ajue pedi inaanzia wapi na kuishia wapi. Juisi ya choya niliidondosha kwenye pedi matone machache, tukafanya mazoezi ya kuitoa, kuikunja, kuifunga kwenye gazeti, kuitupa, kunawa. Kila hatua niliipiga picha kwa simu, choo chetu wenyewe, ndoo yetu, sabuni yetu, nikaenda kuzichapisha na kuzibandika nyuma ya mlango wa choo kwa mpangilio. Picha za vitabuni zenye choo cha watu wengine hazikumsaidia kitu.

Kubadilisha pedi usimwachie asubiri "ajisikie imejaa". Wengi wao ishara za ndani ya mwili haziwafikii sawasawa, iwe njaa, mkojo au maumivu. Mpe saa. Kila saa nne au tano, jaa isijae, anabadilisha. Shuleni iende na kengele. Na maumivu ya tumbo huenda asiyaseme. Utayaona kwa kujiuma mkono, kukataa chakula, au kukaa amejikunja. Nenda naye duka la dawa wakuambie kipimo cha dawa ya maumivu kinachofaa umri na uzito wake, umpe mapema, akiwa ameshakula.

Kuoga mfundishe sasa aoge mwenyewe, wewe ukisimama mlangoni ukimtajia hatua. Ni kazi ya miezi, lakini itamfaa kuliko vile vifungo. Sidiria usianze nayo, tafuta vesti ya pamba isiyo na mshono wa kukwaruza, ukate lebo. Na mama mkwe usimgombeze. Mwite huyo somo, ila keti naye kwanza umwombe kwa heshima aseme mambo kwa majina yake, bila nyimbo za kufumba na bila kupigiwa ngoma sikioni. Mama yangu alijifunza akiwa na miaka 70, na ndiye aliyeshona pedi za kwanza.

*Assalaam alaykum Shangazi. Mdogo wangu ana miaka 14, ana usonji. Swala tano hakosi, wakati anaujua kuliko muadhini. Tabu ni hedhi ikimjia: tukimwambia asiswali anapiga kelele, anajigonga kichwa ukutani. Ramadhani iliyopita alikataa kufungua, tukavutana naye mpaka majirani wakaja. Mama analia anasema tunamzuia mtoto ibada yake. Dada mtu, Unguja.*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mwambie mama asilie, tatizo hilo nalijua ndani nje. Mdogo wako amepewa amri moja: wakati ukiingia, swali. Anaitii kwa moyo wote. Halafu siku moja, bila kuandaliwa, watu wale wale waliomfundisha wanamvuta kwenye mswala. Kwake huo ni uvunjaji wa sheria, na nyinyi ndio wavunjaji.

Mpeni amri mbili tangu mwanzo, akiwa katika siku za twahara, yaani zisizo za hedhi, si siku ya vurugu. Siku za twahara, amri ni kuswali. Siku za hedhi, amri ni kutoswali. Zote mbili ni kumtii Mwenyezi Mungu. Sisi tuliandika kadi mbili, ya kijani na nyekundu, zikining'inia kwenye msumari juu ya mswala. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyekuwa anazigeuza. Na muhimu kuliko kadi: ule wakati usiachwe mtupu. Adhana ikilia, binti yangu aliketi pale pale, kavaa vile vile, akashika tasbihi na kuleta nyiradi kwa muda ule ule ambao angeswali. Kelele ziliisha mwezi wa tatu.

Kwa Ramadhani, mwelezeni mapema kwamba swala za siku za hedhi hazilipwi lakini saumu hulipwa, kisha mchoreeni visanduku kwenye kalenda, kila siku aliyokula sanduku moja, alijaze atakapolipa. Watoto hawa deni lenye sanduku huwatuliza. Josho la kumaliza hedhi nalo liandikwe hatua kwa hatua, na maji yawe ya joto analolipenda.

Jambo moja nililikosea, nawe ujihadhari. Nilimwambia binti yangu hedhi huja kila siku 28. Akaweka alama kalenda nzima ya mwaka. Mwezi wa pili ikaja siku ya 39, akalia siku mbili, kwa kuwa kalenda ilikuwa imesema uongo. Miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana waweza kuwa siku 21, waweza kuwa 45, na bado ni mzima. Msimpe tarehe. Mpeni dalili zake: chunusi kwenye kidevu, matiti kuuma, hasira za karibu. Na mwambieni kabisa, "tarehe hatuijui, na kutoijua ni kawaida".

*Shangazi salaam. Mie ni baba, niko Mombasa. Mamake mtoto alifariki, namlea binti wa miaka 13 mwenye usonji pamoja na kakake. Siku hizi anajishika sehemu za siri hata sebuleni wageni wakiwepo. Nimemchapa, haikusaidia. Naona haya hata kuandika.*

Pole kwa msiba, kaka yangu, na ahsante kwa kuandika. Fimbo iweke chini kabisa. Kwanza mpeleke akaangaliwe kama anawashwa: fangasi, maambukizo ya njia ya mkojo, minyoo, au ngozi iliyochubuka kwa sodo iliyokaa mno. Mtoto asiyeweza kusema "nawashwa" hujikuna, na sisi tunamdhania mengine. Si mara moja nilimwona msichana wa namna hii wodini kwetu, kachapwa mwaka mzima kwa kujikuna.

Akionekana mzima, basi ni mwili unakua, na mwili kukua si dhambi ya mtoto. Anachohitaji ni mahali. Nyumba zetu za mwambao zinajua tangu zamani lipi ni la barazani na lipi ni la chumbani, ila hatukuwahi kulichora. Mchoree: barazani na sebuleni nguo zimefungwa, mikono iko juu. Chumbani mwake, mlango umefungwa, yuko peke yake. Akisahau mbele ya watu, mwambie neno moja kwa sauti ya kawaida, "chumbani", umwoneshe picha, basi. Kanuni hiyo hiyo itamfaa kwa kubadilisha nguo na kwa mazungumzo ya hedhi, kwa maana wengine huitangaza mezani wakati wa chakula.

Mtafute shangazi yake au mwanamke mmoja mnayemwamini, lakini wewe usijitoe. Baba anayejua sodo zimebaki ngapi kabatini ni ngao. Kenya sheria ya mwaka 2017 inataka wasichana wa shule wapewe sodo bure na serikali, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu bila haya, huku ukimtajia aina ambayo ngozi yake inaikubali.

*Nakusalimu mwanangu Shangazi. Mimi ni bibi, niko Lushoto. Mjukuu wangu ana miaka 16, ana usonji, haongei kabisa. Mama yake yuko Oman kwa kazi za ndani. Nikienda shamba anabaki. Majirani wananiambia nimpeleke apigwe sindano, au afungwe kizazi kabisa, ili hata wakimvizia isije aibu nyumbani. Nimepata nesi aliyekubali. Nifanye?*

Shikamoo, bibi. Nakujibu nikijua mzigo ulio nao ni mkubwa kuliko miaka yako, na kwamba unamtafutia mjukuu wako usalama.

Usifanye, bibi. Sindano ile huzuia mimba. Haimzuii mwanamume. Akija mwenye nia mbaya atakuja vile vile, tena atarudi, kwa sababu hakuna kitakachomfichua. Mtoto asiyeongea, mara nyingi mimba ndiyo iliyowaambia watu wa nyumbani kwamba kuna linaloendelea. Sindano ingemsitiri yule mwovu na kumwacha mjukuu wako peke yake na siri yake. Aibu unayoiogopa si ya kwako wala ya mtoto.

Na kuna ya mwili. Sindano ya miezi mitatu huweza kuleta damu ya ovyo ovyo, leo ipo, kesho haipo, wiki tatu mfululizo. Kwa msichana anayetegemea mpangilio hiyo ni shida kuliko hedhi yenyewe. Tena ikitumika muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, naye mifupa yake bado inajengeka. Wapo wasichana ambao daktari huwapa dawa za homoni kwa sababu damu ni nyingi mno, au kifafa huwazidi siku za hedhi. Hayo ni matibabu, yanafanywa kwa ajili yao, hospitalini, na daktari anayejua dawa nyingine wanazotumia, maana baadhi ya dawa za kifafa hugombana na za homoni. Hayafanywi na nesi wa pembeni kwa ushauri wa majirani.

Kufunga kizazi ndiyo kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 23 kwamba watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, wabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Mjukuu wako hajakuruhusu, na mwili ni wake.

Sasa ulinzi. Asibaki peke yake, na hili nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii ulilie hadharani, ni haki yako. Jua kwa majina nani anaingia nyumbani, nani anamwogesha, nani anampa lifti. Anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu wa ndani au jirani aliyezoeleka. Halafu mfundishe kukataa. Hapa, bibi, nisikilize sana: sisi tunawafunza watoto utii. Msalimie mjomba, mpe mkono, kaa mapajani kwa babu, usimkatalie mkubwa. Msichana mwenye usonji akilishika fundisho hilo analishika lote, bila kujua kwamba lina mpaka. Binti yangu nilimruhusu asimpe mtu mkono kama hataki. Shikamoo inatosha kwa mdomo. Ndugu walinung'unika. Na wanung'unike. Kwa mjukuu wako asiyeongea, mfundishe ishara moja ya mkono ya "sitaki", na nyumba nzima iiheshimu hata kwenye mambo madogo, hata akiwa anakataa ugali. Ishara isiyoheshimiwa mezani hataitumia gizani.

Ukiona ghafla anaogopa mtu fulani, anakataa kuvuliwa nguo, anakojoa kitandani upya, amerarua chupi, usingoje. Ikiwa limetokea, usimwogeshe, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo: dawa za kinga ya VVU zinafaa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku tano, mapema zaidi ndiyo bora. Fomu ya polisi iitwayo PF3, ya aliyeumizwa anayehitaji matibabu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi viko kwa ajili hiyo. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, unaweza kuipigia leo ukauliza tu. Na mama yake aliyeko Oman aambiwe yote haya. Kwa simu aweza kuzungumza na mwenyekiti yeye mwenyewe.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu, shule ya bweni. Likizo hii daktari amesema nina usonji. Kwa nini hakuna aliyegundua miaka yote hii? Mama anasema nisimwambie mtu. Kutwa natazama wenzangu wanavyocheka, nami nacheka hivyo hivyo. Nikifika kitandani kichwa kinauma mpaka naona mwanga. Siku tatu nne kabla ya hedhi kila sauti inaniuma. Nililia bwaloni, wakasema nina mapepo. Je, nitaweza kuwa kama wengine? Msomaji wako, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Kuna mstari uliouandika kwa herufi ndogo sana kwenye pembe ya karatasi, nami sitauchapisha. Nilipousoma nilipiga namba uliyoacha, siku hiyo hiyo, tukazungumza wewe, mimi na mama yako. Umeniruhusu niseme hapa kwamba wakati mwingine ulikuwa unatamani usiamke. Nalisema kwa ajili ya wasichana wengine watakaosoma kimya kimya: fikra hiyo ikikujia, siku hiyo usikae peke yako nayo. Mwambie mtu mzima mmoja, kwa maneno hayo hayo, wazi, au piga 116. Na wazazi, mkisikia neno hilo msimhubirie mtoto. Mkae naye na mumpeleke kwa daktari.

Sasa swali lako. Uliuliza kwa nini hakuna aliyegundua miaka yote hii. Leo Kanner, daktari aliyeandika kuhusu usonji Marekani mwaka 1943, alieleza watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa watatu tu. Tangu hapo macho ya wengi yamezoea kutafuta mvulana anayezungusha magurudumu. Msichana anayekaa kimya, mwenye alama nzuri, anayeiga wenzake kwa bidii, anaitwa mpole. Binti yangu nilimpeleka kliniki mara tatu, nikaambiwa "mama, wasichana wengine ni wapole tu", mpaka alipofika miaka 11.

Huko kuiga ni kazi, mwanangu, kazi nzito kama kubeba maji kichwani kutwa nzima huku ukitabasamu. Kichwa kinachouma usiku kina haki ya kuuma. Hayo si mapepo. Sikuambii uache kuiga leo, maana najua bweni lilivyo. Nakuambia uchague wapi unatua ndoo. Uwe na saa moja kila siku isiyo na watu, maktaba au chini ya mti, na iwe imeruhusiwa, si ya kuiba. Bwaloni omba kula zamu ya kwanza au ya mwisho. Tafuta vizibo vya masikio. Mama yako ameahidi. Zile siku tatu nne kabla ya hedhi ziwekee alama, na siku hizo jipunguzie: mdahalo uache, kufua kufanye juzi yake. Ukiona kila mwezi unazama hivyo, mwambie daktari, kwa sababu kuzama kabla ya hedhi kuna tiba.

Mama yako anaogopa utachekwa. Namwelewa, nami niliogopa. Lakini siri ya watu wote ni tofauti na siri ya watu watatu. Mwalimu mkuu, matroni na mwalimu wa ushauri nasaha wapewe barua ya daktari. Darasa si lazima lijue. Na matroni nitakwambia jinsi ya kumwanza, kwa kuwa uliniambia unashikwa na kigugumizi ukimwona. Usimwanze kwa mdomo. Mpe karatasi: "Nina usonji. Kelele zinaniumiza. Naomba kitanda cha ukutani, mbali na mlango. Nikianza kulia, naomba niachwe nikae nje dakika kumi, nitarudi." Sentensi nne zatosha. Hakuna haja ya kuomba radhi ndani yake.

Kuwa kama wengine sikuahidi. Binti yangu si kama wengine. Anafanya kazi ya kuoka mikate, zamu ya alfajiri, kwa sababu mji bado umelala na tanuri halisemi. Rafiki anaye mmoja, ambaye naye hapendi maneno mengi. Jioni hukaa barazani wanahesabu magari yanayoelekea Pangani.

Nyuma ya barua yako uliorodhesha ndege 47 uliowaona pale shuleni tangu kidato cha kwanza, na saa uliyowaona. Nimeisoma orodha yote. Wa 31 ni hondohondo, nyuma ya maabara, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hukuandika mdomo wake ulikuwa mwekundu au wa kijivu. Hapa kwetu nawaona wa aina zote mbili, nataka kujua wako alikuwa yupi. Ukirudi shule mtazame tena, uniandikie, na unieleze matroni amekujibu nini kuhusu kile kitanda.